Naamka saa tisa usiku macho kodo, kichwa kinapiga hesabu. Nifanyeje?

Swali: "Dokta, salamu sana. Mimi ni mwanaume wa miaka 38, niko Busia hapa upande wa Uganda, nauza spea za pikipiki. Miezi minne sasa naamka saa tisa usiku hata kama nimelala nimechoka kabisa, afu kichwa kinaanza: mkopo wa saco (chama cha kuweka na kukopa), fizi za shule za watoto, na mdogo wangu, nilimpa boda yangu aendeshe aniletee pesa kila wiki akaigonga, mpaka leo hatuongei. Mama watoto ananiambia acha kuwaza. Nimejaribu kuacha, nimejaribu redio, nimejaribu waragi. Mama yangu kijijini anasema kuna mtu amenifanyia kitu. Je huu ni ugonjwa wa akili ama ni nini?"

Kaka yangu, asante kwa kuandika. Watu huniita dokta lakini mi si dokta wa sindano, mi ni mtu wa saikolojia, kazi yangu ni kukaa na watu na kuongea, kwa hiyo hapa utapata yale ambayo watafiti wamepima pamoja na yale ninayoyaona kwa watu, tembe sitakuandikia.

Nianze na hiyo saa tisa manake najua ndo inakutisha. Wengi wanaokuja kwangu wanasema "kila siku saa ileile", kama vile kuna mtu anakuja kuwagusa bega, na hapo ndo maneno ya kurogwa yanapata mlango. Sasa sikia, hakuna binadamu anayelala usiku mzima kama gogo. Usingizi unakwenda kwa mizunguko, mmoja unachukua kama saa moja na nusu hivi, na kati ya mmoja na mwingine kila mtu huwa anaamka kidogo, anageuka, anavuta shuka, asubuhi hata hakumbuki. Ule usingizi mzito mzito unakuja nusu ya kwanza ya usiku. Ukilala saa nne, ikifika saa tisa ule mzito umeshaisha karibu wote, umebaki ule mwepesi na ule wa ndoto. Jirani yako naye huenda anaamka saa tisa hiyohiyo, ila yeye anageuka anaendelea, wewe ukiamka unakuta saco imeshakaa kitandani inakungoja.

Na waragi nimalizane nayo hapahapa. Pombe inakulaza haraka, hilo ni kweli ndo maana watu wanaiamini, lakini mwili ukishaanza kuisafisha usingizi wa nusu ya pili unakatikakatika. Yaani unakunywa saa tatu ili ulale na waragi yenyewe ndo inakuamsha saa tisa, afu unaenda chooni, afu hesabu inaanza. Iache hiyo kwanza kabla ya mengine yote. Ila kama ni ya kila siku na asubuhi mikono inatetemeka, usiikate ghafla nyumbani peke yako, pita kwanza kwa mhudumu wa afya.

Sasa hilo la mama watoto, "acha kuwaza". Anakuambia kwa mapenzi, simlaumu, lakini huo ushauri una tatizo na tatizo lenyewe lilishapimwa. Mwaka 1987 mwanasaikolojia wa Marekani anaitwa Daniel Wegner na wenzake waliwaweka wanafunzi mmoja mmoja chumbani, wakawaambia kwa dakika tano sema kwa sauti chochote kinachopita kichwani ila usimfikirie dubu mweupe, na akikujia piga kengele. Kengele zikalia. Afu walipoambiwa haya sasa ruksa kumfikiria, dubu akawajia kwa fujo kuliko wenzao ambao tangu mwanzo hawakukatazwa. Sisi huku dubu hatuna, kwa hiyo jaribu hivi, kwa dakika moja usimfikirie kalooli, lile dege la Kampala lenye mfuko shingoni limesimama juu ya lori la taka. Umeona?

Wegner alieleza kwamba ukijikataza wazo, kichwa kinaweka askari mlangoni wa kuangalia kama limekuja, na askari ili amtambue mgeni lazima awe ameshika picha yake mkononi. Mchana una nguvu ya kujishughulisha na wateja, na plagi na cheni, sawa. Saa tisa nguvu zimeisha wote wamelala kasoro askari, na amekaa pale anaitazama picha ya saco. Kwa hiyo ulivyoshindwa kuacha kuwaza haukuwa uzembe wako bana, ndivyo kichwa kilivyoundwa.

Ila kwa nini ni hayo mambo matatu tu, kwa nini kichwa hakikuletei mkopo uliomaliza kulipa mwaka juzi? Hapa kuna stori ya zamani kidogo. Miaka ya 1920 pale Berlin kulikuwa na mwalimu anaitwa Kurt Lewin na wanafunzi wake wawili wanawake, Bluma Zeigarnik na Maria Ovsiankina. Zeigarnik alichapisha 1927 kwamba kazi iliyokatizwa katikati inakumbukwa kuliko iliyokwisha. Hiyo ya kumbukumbu watu wameirudia mara nyingi na haisimami vizuri, ingawa mitandaoni bado wanaiimba. Lakini ya Ovsiankina imesimama, kwamba mtu ukimkatiza kazi katikati, ukimwacha huru atairudia mwenyewe hata kama hakuna anayemlipa. Kitu ambacho hakijaisha kinavuta. Na mkopo, fizi na ugomvi, vyote vitatu vyako viko katikati.

Utaniambia sasa dokta, huu mkopo siwezi kuumaliza usiku huu. Ndio. Na ndo hapo ninapopenda utafiti mmoja wa 2011 wa Masicampo na Baumeister. Waliwakumbusha watu mambo yao ambayo hawajamaliza, afu wakawapa kitu cha kusoma, na yale mambo yakawa yanaingia katikati ya kusoma kama mtoto anayekuvuta shati. Ila wale walioambiwa waandike mpango, nitafanya nini, lini na wapi, wakasoma kwa utulivu, na kumbuka hawakuwa wamemaliza lolote. Mimi hilo nililisoma mara mbili. Manake kichwa hakidai kwamba deni liishe leo, kinadai kujua kwamba limepangiwa siku.

Na kuna mtafiti wa usingizi, Michael Scullin wa chuo cha Baylor kule Texas, yeye na wenzake mwaka 2018 wakalipeleka hilo kitandani. Watu 57, vijana wa miaka 18 mpaka 30, walilala kwenye maabara wamefungwa nyaya za kupima usingizi. Kabla ya kulala kila mtu dakika tano za kuandika, nusu wakaandika walichokwishafanya siku hizo, nusu wakaandika watakachofanya kesho na siku zinazokuja. Wa pili walilala haraka kama dakika tisa kuwashinda wenzao. Na kati ya hao, aliyeandika kwa undani zaidi ndiye aliyewahi zaidi kulala. Sawa, ilikuwa usiku mmoja, vijana wazima wasio na mkopo wa saco, na kilichopimwa ni kupata usingizi mwanzo wa usiku, usiku wako ni mzito kuliko wao. Lakini daftari linauzwa bei rahisi kuliko waragi.

Nikwambie yangu. Mwaka juzi nilikuwa najenga kanyumba na fundi mmoja akala hela ya saruji, mimi huyu mwenye makaratasi ya hii kazi nikawa nalala chali saa tisa nahesabu mabati ya geji 28. Nikakumbuka hayo ya daftari. Usiku wa kwanza nikaandika "nyumba". Neno moja! Haikusaidia kitu, na ndo kosa la wengi, wanaandika "deni", "watoto", "kazi", hiyo ni orodha ya vidonda tu. Usiku wa pili nikaandika hivi: "Jumatatu saa mbili asubuhi kabla sijatoka, nampigia fundi, namuuliza mifuko mingapi imebaki, asiposhika simu napitia saiti jioni nahesabu mwenyewe." Sikulala kama mtoto, nisikudanganye. Saa tisa niliamka na mabati yakaanza, nikayajibu "Jumatatu saa mbili", yakaanza tena nikajibu tena vilevile bila hasira, afu sijui ilikuwaje, nilikuja kusikia jogoo. (Fundi hakushika simu. Saruji ilikuwa mifuko minne.)

Kwa hiyo kwako wewe isomeke hivi. Saco: "Ijumaa saa nne nafunga duka nusu saa, naenda ofisini kwao na kitabu changu, naomba waniandikie kwenye karatasi bakaa ni ngapi na riba ni ngapi, afu nawauliza kama naweza kuongezewa miezi." Fizi: "Jumatano mchana nampigia basa wa shule nauliza kama anakubali mafungu mawili." Sio "nitafute pesa ya fizi", hiyo si hatua, hiyo ni huzuni imevaa nguo ya kazi. Hatua ni kitu ambacho mtu akikuchukua video ataona unakifanya. Andika mapema, kabla hujaingia kitandani, kwa karatasi na kalamu, simu hapana, manake ukishika simu kuandika saco utajikuta WhatsApp unaangalia harusi ya watu.

Sasa huenda mawazo ni mengi kuliko kurasa, na hapo kuna mbinu nyingine ya Thomas Borkovec na wenzake, ya tangu 1983, nayo inachekesha kidogo. Waliwaambia watu wenye wasiwasi mwingi watenge nusu saa kila siku, saa ileile, mahali palepale, wakae wawaze kwa bidii. Wazo likija nje ya saa zake unaliambia subiri zamu yako. Ndani ya wiki nne wasiwasi wao wa siku nzima ulishuka. Wewe unaweza kukaa pale mbele ya duka saa kumi na moja jioni wateja wakipungua. Isiwe usiku na isiwe kitandani, na nusu saa ikiisha, inuka. Wengi wananiambia ikifika dakika ya kumi na tano hawana tena cha kuwaza, wanaanza kurudia.

Kitanda chenyewe pia kimejifunza tabia mbaya. Miezi minne umelala pale ukipiga hesabu, sasa mwili ukigusa godoro unajua hapa ndo ofisini. Richard Bootzin alieleza dawa yake mwaka 1972 na mpaka leo wataalamu wa usingizi wanaitumia: ukiona imepita kama robo saa na huna usingizi, toka kitandani. Kaa sebuleni, taa hafifu, fanya kitu cha kuchosha, kunja nguo za watoto, ukisikia usingizi rudi. Na asubuhi amka saa ileile hata kama umelala masaa mawili tu, mchana usijilipe kwa kulala dukani. Saa ya ukutani igeuze, kuitazama saa tisa kila usiku hakukusaidii. Wiki ya kwanza ni ngumu, mama watoto atafikiri mmegombana, mweleze mapema.

Nirudi kwenye mkopo, manake sitaki uone kama nakuambia shida yako iko kichwani tu. Hapana, deni ni la kweli na dawa ya deni kulipa, daftari halilipi. Ila kuna kitu deni linaifanyia akili. Mwaka 2013 Anandi Mani, Sendhil Mullainathan na wenzao walichapisha utafiti wa wakulima wa miwa 464 kule Tamil Nadu, India. Mkulima wa miwa anapata hela yake kwa mkupuo baada ya mavuno, kabla ya hapo anabana. Wakampima mtu yuleyule kwa mafumbo ya akili kabla ya mavuno na baada yake. Kabla ya mavuno alikuwa anafanya vibaya. Mtu yuleyule, kichwa kilekile, tofauti ni mfuko. Kuna watafiti waliobishana kuhusu hayo matokeo ni makubwa kiasi gani, lakini mimi ninayekaa na watu wenye madeni nayaona, mtu mwerevu kabisa anasahau kurudisha chenji. Kwa hiyo ombi langu moja zito ni hili, uamuzi wowote wa pesa usiufanye saa tisa usiku, hasa ile mikopo ya simu unayobonyeza mara tatu pesa imeingia. Saa tisa inaonekana kama wokovu, asubuhi ni deni la nne.

Sasa, ni ugonjwa? Kukosa usingizi angalau siku tatu kwa wiki kwa miezi mitatu na zaidi, na mchana wako unaharibika, hiyo wataalamu wanaiita tatizo sugu la usingizi, na kwa miezi yako minne naona uko hapo, inatibika, na tiba ya kwanza ni hayo ya kitanda na ratiba niliyokueleza, kabla ya vidonge. Lakini kuamka alfajiri na kushindwa kurudi kulala inaweza pia kuwa alama ya sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito, kwa hiyo jiulize kwa ukweli: wiki mbili zilizopita kuna kitu bado kinakufurahisha? Chakula kinapita? Unajiona bure, huna maana? Umewahi kuwaza bora ufe? Kama hilo la mwisho ni ndio, usingoje daftari, mwambie mama watoto leo na uende leo kituo cha afya cha karibu au moja kwa moja hospitali ya rufaa ya Mbale, wana kitengo cha afya ya akili, hakuna wa kukucheka. Na mama watoto umuulize pia kama unakoroma mpaka unakatika pumzi, manake hiyo ni kesi nyingine kabisa, ya dokta wa sindano.

Kuhusu mama kijijini, mimi sipigani na mama wa mtu. Ila nikusimulie kitu cha hapahapa kwetu. Kabla ya 2003 watafiti, Paul Bolton akiwa mmoja wao, walienda Masaka na Rakai, hapa Uganda, wakawauliza wanakijiji wenyewe huku mtu akizidiwa na mawazo mnamwitaje. Wakapewa majina mawili ya Kiganda, yo'kwekyawa na okwekubaziga, la kwanza ni kama kujichukia, la pili kama kujihurumia, na dalili walizozitaja zilikaribiana sana na zile za sonona. Basi kwenye vijiji 30 baadhi wakapata vikundi, wanawake na wao, wanaume na wao, wiki 16, dakika 90 kila wiki, anayeongoza ni mtu wa sehemu hizohizo aliyefundishwa, dokta hayupo. Kwenye vikundi wenye sonona walitoka asilimia 86 wakashuka mpaka 6.5. Kwenye vijiji ambavyo havikupata vikundi walitoka 94 wakafika 54.7, yaani muda nao unatibu kidogo, lakini angalia hiyo tofauti. Na walikuwa wanaongea nini kwenye vikundi? Msiba, maisha yaliyobadilika ghafla, na ugomvi. Ugomvi wa mke na mume, wa jirani, wa ndugu na ndugu.

Ndo nifike kwa mdogo wako, ambaye umempa nusu mstari tu. Wahenga walisema mganga hajigangi, na mwaka 2014 Igor Grossmann na Ethan Kross walilipima hilo, wakaliita kitendawili cha mfalme Suleiman, manake Suleiman alihukumu kesi za watu kwa hekima na nyumbani kwake mambo yakamshinda. Waliwaambia watu wawaze mpenzi wao amewasaliti, wengine wawaze ni mpenzi wa rafiki. Kwa kesi ya rafiki watu walikuwa na busara, waliona pande zote, walikubali kwamba kuna wasichokijua. Kwa kesi yao wenyewe busara ikapungua. Ila walipoambiwa wajitazame kwa mbali, kama mtu mwingine, ile tofauti ikaondoka.

Fanya hivyo. Chukua jina lako ujiulize kwa jina, fulani amemkasirikia mdogo wake kwa nini hasa, na angekuja fulani dukani kwako kukusimulia ungemwuliza nini cha kwanza. Mimi nilipoisoma barua yako ya kwanza niliyotaka kuuliza ni hii: umeniambia boda iligongwa, hujaniambia kama mdogo wako aliumia. Labda hakuumia. Labda aliumia ukamlipia hospitali na ndo hasira zikazidi, sijui. Ila kwenye daftari mstari wake usianze na boda wala pesa ya wiki. Andika "Jumapili saa kumi jioni nampigia", afu chini yake andika neno la kwanza utakalomwambia, lenyewe kama lilivyo, uliumia wapi siku ile, na ukishaliuliza nyamaza umsikilize.